Daftari Nililompelekea Mwalimu Mkuu

Mwaka 2017, binti yangu alipokuwa darasa la pili, baba mkwe wangu alilalamika mbele yetu huko Kibosho kwamba zamu yake ya maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, ilikuwa imeangukia Jumapili kwa mara nyingine, na kwamba angelazimika kukosa misa ya kwanza ili ayafungulie maji yaingie kihambani, shambani kwake pale nyumbani, kabla jirani hajayageuza. Kaya zilizokuwa zikitumia tawi lile la mfongo zilikuwa tano, na kila kaya ilikuwa na siku yake moja katika mzunguko. Binti yangu, ambaye katika simulizi hii nitamwita Haika ingawa hilo si jina lake, alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya ndizi. Bila kuinua kichwa, akamwambia babu yake asihuzunike, kwa kuwa jambo hilo halingemtokea tena mpaka zipite siku 35. Babu akacheka. Haika akaendelea kusema kwamba kaya zikiwa sita zitakuwa siku 42, lakini zikifika saba, Jumapili itakuwa ya babu kila wiki au haitakuwa yake kamwe, kutegemea siku watakayoanzia.

Nilirudi Moshi jioni ile nikiwa nimejaa fahari, na nakiri kwamba fahari hiyo ndiyo iliyonipotezea mwaka mzima. Mimi ni karani wa masjala; kazi yangu ni kupokea barua, kuzifungulia majalada na kuhakikisha kila moja inafika mezani kwa anayehusika. Mtu wa kazi hiyo angetarajiwa kujua kwamba ombi lisilosema linaomba nini halijibiwi. Kwa mtoto wangu mwenyewe nililisahau hilo.

Muhula uleule niliitwa shuleni. Haika alikuwa akisoma katika shule ya msingi ya serikali, darasani mwao wakiwa watoto zaidi ya tisini, na kosa lake lilikuwa kwamba akimaliza hesabu zake huwafanyia wenzake, dawati baada ya dawati, hadi mwalimu anapokusanya madaftari na kukuta watoto kumi na wawili wamepata majibu yote kwa mwandiko mmoja mbaya. Mwalimu wa darasa alinieleza kwa upole. "Mama Haika, mtoto huyu hana adabu mbaya, lakini ananivurugia darasa." Badala ya kumuuliza tufanye nini, nilimjibu kwamba mtoto wangu ana kipaji na kwamba shule ndiyo iliyoshindwa kumwelewa. Nakumbuka jinsi uso wake ulivyobadilika. Alisema, "Sawa, mama," akafunga daftari la mahudhurio, na mazungumzo yakaishia hapo. Leo namwelewa. Kati ya wazazi tisini na kitu, nadhani nusu walikuwa wameshamwambia neno hilohilo.

Nyumbani mawazo yalikuwa tofauti na yangu. Baba Haika, ambaye ni dereva wa lori katika njia ya Holili na siku nyingi hayupo, alisema mtoto akisifiwa sana huharibika. Mama mkwe alisema watu wana macho, nisimtangaze mtoto hovyo. Sikuwasikiliza. Niliamua kwamba dawa ni shule ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, moja iliyokuwa nje kidogo ya mji na ambayo kipeperushi chake kiliahidi kukuza vipaji vya kila mtoto. Nilipokwenda kuulizia vipaji hivyo vinakuzwa namna gani, nilionyeshwa bwawa la kuogelea na kinanda kilichofunikwa kitambaa, nikatosheka. Ada ya mwaka ilikuwa sawa na mshahara wangu wa miezi mitano. Tuliuza ng'ombe mmoja wa maziwa na nikakopa kwenye VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa.

Januari 2018 Haika alifanyiwa mtihani wa kujiunga. Mtihani wote, pamoja na hesabu, ulikuwa kwa Kiingereza, na maswali mengi ya hesabu yalikuwa hadithi ndefu za watu wanaonunua na kuuza vitu ambavyo yeye hakuyajua majina yake. Alifeli. Nikaambiwa kwa tabasamu kwamba atarudia darasa la pili mpaka lugha ikae sawa. Hivyo mtoto aliyejua Jumapili ya babu yake inarudi lini alianza upya kuhesabu moja hadi mia kwa lugha ya kigeni, na kila Ijumaa kulikuwa na mtihani wa kuchagua jibu sahihi ambao matokeo yake yalibandikwa ukutani. Kufikia Pasaka alikuwa ameacha kuniambia mambo. Nilipomuuliza amejifunza nini, alijibu, "Nimemaliza." Kila Jumatatu alfajiri, basi la shule lilipopiga honi, tumbo lilimuuma. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba tumbo haliumi kwa kufuata ratiba ya basi.

Mwezi wa saba nilimrudisha alikotoka. Sitaeleza sana aibu ya kurudi katika ofisi ya mwalimu mkuu niliyekuwa nimeondoka kwake bila kuaga. Yatosha kusema kwamba alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Lakini nilikuwa bado sijapona ugonjwa wangu. Siku hiyohiyo nilimwomba amrushe Haika darasa, badala ya la tatu aende la nne moja kwa moja. Alikataa. Alisema taratibu hazimpi mamlaka hayo, na kwamba darasa la nne lina upimaji wa kitaifa ambao orodha ya watahiniwa wake huandaliwa mapema. Nilitoka nimekasirika na nikawa tayari nimeanza kuandika kichwani barua ya malalamiko kwa ofisi ya elimu ya manispaa.

Barua hiyo haikuandikwa kwa sababu mwenzangu wa ofisini aliniuliza swali moja: "Dada, na wakikukubalia, huko darasa la nne atafundishwa na nani?" Nikakosa jibu. Yeye ndiye aliyenielekeza Patandi.

Chuo cha Ualimu Patandi kiko Tengeru, kabla hujafika Arusha mjini, na kinaandaa walimu wa elimu maalumu. Mpaka siku ile nilidhani elimu maalumu inawahusu watoto wasioona, wasiosikia na wenye ulemavu wa akili peke yao. Nilipanda basi la asubuhi, tukapita Boma Ng'ombe, Kikatiti na Usa River, mapajani nimebeba bahasha yenye ripoti zote za Haika tangu chekechea. Mkufunzi aliyekubali kunisikiliza hakuifungua bahasha hiyo. Aliniuliza mtoto hufanya nini pale ambapo hakuna aliyemwagiza kufanya chochote. Anaweza kukaa na jambo moja kwa muda gani kabla hajaliacha. Na swali la mwisho aliloniuliza mimi lilikuwa lipi. Nilikuwa na kisa cha mfongo tu. Nilikisimulia, akatabasamu, kisha akasema kisa kimoja ni kama tone moja la mvua, hakimwambii mkulima apande au asubiri.

Mambo aliyonieleza asubuhi ile yalinifungua macho, na baadaye nimeyasoma zaidi mwenyewe. Alinieleza kuhusu Lewis Terman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, ambaye mwaka 1921 alianza kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500 waliopata alama za juu katika vipimo vya akili, akitumaini kuona vigogo wa kesho. Wengi wao waliishi maisha mazuri. Hata hivyo, wavulana wawili waliopimwa na kuachwa nje kwa kuwa alama zao hazikutosha, William Shockley na Luis Alvarez, ndio waliokuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwingine mwaka 1968. "Kwa hiyo usinililie kipimo, mama," alisema. Alinitajia pia Joseph Renzulli, ambaye mwaka 1978 aliandika kwamba kipawa huonekana pale vitu vitatu vinapokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na ile hali ya kung'ang'ania kazi bila kusukumwa. Cha tatu ndicho ambacho wazazi hatukitazami, kwa sababu hakimfurahishi mgeni sebuleni.

Lakini lililonisaidia kuliko yote lilikuwa habari ya Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichukua watoto wa miaka kumi na miwili na kumi na mitatu waliokuwa wakiongoza katika hesabu darasani mwao, akawapa mtihani uliotungwa kwa vijana wanaojiandaa kuingia chuo kikuu. Sababu yake ilikuwa rahisi. Mtihani wa darasani kwao ulikuwa kama dari fupi: watoto wote warefu huligusa, na huwezi kujua nani amezidi nani na kwa kiasi gani. Ukiinua dari, tofauti inaonekana, na unajua kila mmoja anahitaji kufundishwa nini sasa. Mkufunzi alisema nami naweza kuinua dari bila gharama, kwa mitihani ya miaka iliyopita ambayo inauzwa kwenye maduka ya vitabu ya mjini. Kisha akaniambia maneno ambayo nimewarudia wazazi wengi: nisirudi shuleni na neno kipaji, nirudi na daftari.

Nilinunua daftari la kurasa 96 siku hiyohiyo, pale stendi ya Tengeru, na kwa miezi miwili nikaandika kila nilichokiona, kwa tarehe, kama ninavyoandika kitabu cha barua zinazoingia. Ukurasa wa mwanzoni unaonyesha Haika akiuliza kwa nini sikukuu yake ya kuzaliwa iliangukia Jumanne mwaka mmoja na Jumatano mwaka uliofuata. Sikuwa na jibu. Kwa jioni tatu alikaa na kalenda ya zamani ya kanisa, hadi alipogundua kwamba mwaka ni wiki 52 na siku moja inayobaki, na siku hiyo moja ndiyo inayoisukuma sikukuu mbele. Jioni ya nne alikuja kwa huzuni kuniambia kwamba kuna mwaka mmoja uliomharibia kanuni yake. Ulikuwa mwaka mrefu, wenye Februari ya siku 29.

Daftari liliandika pia mambo ambayo sikupenda kuyaona. Insha yake ya Kiswahili ilikuwa sentensi tatu. Alipoteza sweta mbili katika mwezi mmoja. Mwandiko wake haukusomeka. Zaidi ya yote, jambo lolote lisilotii mara ya kwanza lilimtoa machozi. Aliwahi kuitupa kamba ya viatu kwa sababu fundo lilimshinda. Nilipompa mtihani wa Hisabati wa darasa la nne aliumaliza kama anayekula karanga. Wa darasa la saba, ambao ulikuwa na mada ambazo hakuwahi kufundishwa, alipata zaidi ya nusu. Katika Maarifa ya Jamii alikuwa sawasawa na wenzake wa umri wake, wala hakuwa mbele kwa hatua moja. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi ombi langu la kumrusha darasa lilivyokuwa la kijinga: lingempandisha katika masomo yote kwa ajili ya somo moja, na lingemwacha bila kujifunza kuandika insha.

Januari 2019, Haika akiwa ameingia darasa la nne, niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu mkuu na kuiambatanisha na daftari. Neno kipaji halikuwemo. Niliomba mambo matatu, na kila moja niliandika litahitaji nini kutoka kwangu na litahitaji nini kutoka shuleni. Niliomba kwamba akimaliza kazi ya darasani aruhusiwe kutoa daftari lake la pili na kuendelea na maswali ambayo mimi ningeyatafuta na mwalimu angeyakagua anapopata nafasi. Niliomba kwamba kwa vipindi viwili vya Hisabati kwa wiki akakae darasa la sita, kwa muhula mmoja wa majaribio, na mimi nihakikishe anayasoma nyumbani masomo atakayoyakosa. Na niliomba asifanywe mwalimu msaidizi wa kudumu. Kumwelekeza mwenzake mara mojamoja ni jambo jema, lakini mtoto ambaye kazi yake ya kila siku ni kufundisha anachokijua hana saa ya kujifunza asichokijua.

Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kusoma tena bila kunikaribisha kiti, nikajua sasa imekuwa kazi. Alimwita mwalimu wa taaluma, wakatazama ratiba. Ilionekana kwamba Jumanne na Alhamisi darasa la sita wana Hisabati wakati darasa la nne wana masomo mengine. "Hili linawezekana," alisema mwalimu wa taaluma. Kwa mwaka mzima na nusu nilikuwa nimetafuta mtu wa kusema maneno hayo, na nilipoyapata yalikuwa yanahusu vipindi viwili vya dakika arobaini.

Wiki za kwanza hazikuwa nzuri. Wanafunzi wa darasa la sita walimwita Kifaranga, na wale wa darasa lake walimwona anajidai. Kulikuwa na siku alisahau kurudi darasani kwao na akatafutwa shule nzima. Jambo ambalo sikulitegemea, hata hivyo, lilitoka kwa mwalimu wa Hisabati wa darasa la sita, mama mtu mzima aliyebakiza miaka michache kustaafu. Alimpokea Haika kama mwanafunzi mwingine yeyote, akamketisha mbele kwa sababu ya kimo chake, na mwisho wa wiki ya pili akampa swali moja ambalo halikuwa kitabuni: ubao wa drafti una miraba mingapi?

Haika alijibu papo hapo kwamba ni 64. Mwalimu akatikisa kichwa. Siku iliyofuata akarudi na 65, akiwa ameuona mraba mkubwa unaozunguka ubao wote. Mwalimu akatikisa kichwa tena, akaendelea kusahihisha madaftari. Mtoto alifika nyumbani na hasira ambayo sikuwahi kuiona. Alisema mwalimu anamchezea, swali halina jibu, hataki tena kwenda darasa la sita. Usiku ule nililitafuta jibu mimi mwenyewe kwa kalamu, nikalipata saa tano, na nikatembea hadi mlangoni mwa chumba chao ili nimwambie. Sijui ni nini kilichonizuia. Pengine ni kumbukumbu ya kinanda kilichofunikwa kitambaa. Nilirudi kulala.

Jumamosi alimwomba baba yake, ambaye kwa bahati alikuwepo, ampeleke kwenye kijiwe cha kahawa pale Majengo ambako wazee hucheza drafti chini ya mti. Alisimama akiutazama ubao kwa saa nzima, hadi mzee mmoja akamuuliza kama anataka kucheza. Aliporudi alichora ubao mdogo wa miraba minne, kisha wa tisa, kisha wa kumi na sita, akawa anahesabu miraba midogo, ya kati na mikubwa kwa kila ubao. Siku ya tisa aliingia darasani na 204. Mwalimu hakumpigia makofi. Alimuuliza ubao ukiwa na miraba kumi kila upande itakuwaje.

Kuanzia hapo kulia kulipungua, ingawa hakukuisha. Sioni kama nililipa chochote kwa ajili ya somo lile, na ndiyo maana kila ninapokumbuka ng'ombe tuliyemuuza moyo huniuma kidogo.

Mwaka 2020 shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni nilikuwa nimeshaona kwamba Hisabati peke yake haitamshibisha. Wazazi wanne tulikubaliana kukutana na watoto wetu Jumamosi asubuhi, wakati mwingine katika maktaba ya mkoa mjini Moshi, wakati mwingine Rau, uani kwa jirani yetu mmoja, mpima ardhi mstaafu. Sikuchagua watoto wenye alama za juu. Nilichukua wale ambao mama zao walilalamika kuhusu maswali. Mzee huyo aliwafundisha kupima urefu wa mti kwa kivuli chake na kwa kijiti, na kutoka hapo wakahamia mlimani, kwa sababu mtoto wa Moshi ukimfundisha urefu bila kutaja mita 5,895 za Kibo anaona umemficha kitu.

Baba wa mtoto mmoja alikuwa mpishi wa safari za mlimani. Aliwaambia kwamba huko juu maharage hayaivi, uyachemshe utakavyo. Watoto walibishana wiki mbili. Wengine walisema moto wa juu ni dhaifu, wengine walisema ni baridi. Mzee aliwaeleza kwamba kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Hupoteza takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Wakapiga hesabu kwamba Moshi, ulio karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, maji yanapaswa kuchemka karibu nyuzi 97, na pale Kibo, kwenye kibanda cha mwisho kilicho juu ya mita 4,700, karibu nyuzi 84. Tuliazima kipimajoto kwa mwalimu wa maabara wa shule ya sekondari ya jirani. Kilisoma 97 kasoro kidogo. Sijawahi kuona sufuria ya maji matupu ikishangiliwa namna ile.

Ni mzee huyohuyo aliyewasimulia habari za Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba huko Tanga, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye jokofu ukiwa wa moto unaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa, na kwa muda mrefu alichekwa. Alilihifadhi swali lake mpaka alipolirudia akiwa Mkwawa, Iringa, mbele ya profesa mgeni, Denis Osborne, ambaye alilichukua na kulijaribu. Walipolichapisha pamoja mwaka 1969, Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, hapo juu yetu tu. Wanasayansi wanabishana juu ya swali hilo mpaka leo. Watoto walivutiwa na aiskrimu. Mimi nilivutiwa na Osborne, kwa sababu hakumsifu kijana yule, alikwenda kupima.

Watu huniuliza kwa nini nilijisumbua hivyo wakati serikali ina shule za vipaji maalumu. Ninaziheshimu. Ilboru ya Arusha, Kibaha, Mzumbe na Tabora kwa wavulana, Kilakala, Msalato na Tabora kwa wasichana, zimetoa watu wengi waliolitumikia taifa. Lakini milango yake hufunguliwa baada ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mtoto aliyeanza kuchoshwa na masomo akiwa na miaka minane anapaswa kuvuka miaka mitano kabla hajafika mlangoni, na wengine huwa wameshazima njiani. Shule hizo haziwezi kumchagua asiyefika.

Haika alimaliza darasa la saba mwaka 2022 na sasa yuko kidato cha tatu, bweni, katika shule ambayo sitaitaja. Hesabu bado anazipenda. Insha zake zimefika kurasa mbili.

Limebaki jambo moja ambalo sikulipanga kuliandika. Haika ana mdogo wake wa kiume, nitamwita Elia. Katika miaka yote hiyo ya barua, daftari na Jumamosi, Elia alikuwa akija nasi Rau na kukaa pembeni akichokonoa redio mbovu ya mzee. Ripoti zake zilikuwa za wastani, na mimi sikuwahi kumwandikia hata ukurasa mmoja. Aliwahi kumuuliza baba yake kama yeye ni wa pili kwa kuzaliwa tu au ni wa pili kwa kila kitu. Baba yake ndiye aliyeniambia, na aliniambia kwenye simu, akiwa Holili akingoja foleni ya mpakani.

Mwaka jana kaya ya sita ilijiunga na tawi lile la mfongo Kibosho. Baba mkwe alipiga simu jioni akimtaka Haika amwambie Jumapili yake sasa itarudi lini, kwani siku hiyo ilikuwa imeshapita tangu wiki iliyotangulia. Nilimwambia Haika yuko shuleni. Elia akaniomba simu. Alichukua kalenda ukutani, akailaza mezani, akaanza kuhesabu kwa kidole siku moja baada ya nyingine, akitaja jina la kila kaya kwa sauti, huku babu yake akisubiri upande wa pili na salio likikatika. Nilijua jibu. Nilikaa kimya nikimtazama. Ilimchukua karibu dakika ishirini, na alirudia mara mbili kwa kuwa kidole kiliteleza mwishoni mwa mwezi, kisha akamtajia babu tarehe, na ilikuwa ndiyo.